Beleshi la Umeme la Theluji: Namna ya Kulitumia Nyumbani Bila Kujiumiza Wala Kuliunguza

Beleshi la umeme ni mashine ndogo ya kukwangua theluji na kuirusha. Mbele lina kichwa cha plastiki chenye upana wa sentimita 25 hadi 33, na ndani ya kichwa hicho kuna rota, yaani mhimili uliolala wenye mapanga mawili ya plastiki ngumu, unaozungushwa na mota kupitia mkanda wa mpira. Mpini wake una mshikio wa juu wenye swichi, na mshikio wa pili katikati unaoweza kusogezwa. Uzito wake ni kati ya kilo 5 na 8, kwa hiyo mtu mmoja hulibeba na kulitundika ukutani bila msaada.

Wepesi huo una gharama yake. Tofauti na mashine kubwa za theluji, beleshi halina bomba la kugeuza ili theluji iende kushoto au kulia. Linarusha mbele tu, kule kichwa kinakotazama. Halijisukumi pia, anayelisukuma ni wewe. Lugha ya matangazo hupenda kutaja umbali wa kurusha, mita 6 hadi 7, lakini umbali huo ni wa theluji kavu isiyo na upepo wa mbele. Theluji iliyoloa ikitupwa mita 2 basi mashine imejitahidi. Watu wengi wanaolilaumu beleshi hili wanalitumia kwa kuchelewa, theluji ikiwa imeshashindiliwa, au wanalisukuma moja kwa moja mbele na kuishia kuihamisha theluji ileile mara tano.

Ijue theluji kabla ya kuigusa

Theluji kavu iliyoanguka sasa hivi ina uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa mita moja ya ujazo. Ikilala siku moja au mbili na kujishindilia hufika kilo 200 hadi 300. Iliyoloa, ile inayofinyangika ukiibana kwa mkono, huweza kupita kilo 400. Chukua njia ya gari yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 3, theluji ikiwa na kina cha sentimita 10. Hiyo ni mita 3 za ujazo. Ikiwa kavu, una kilo 300 za kuhamisha au pungufu. Ikishaloa, unaweza kuwa na zaidi ya tani moja. Eneo ni lilelile na kina ni kilekile, ila kazi imeongezeka mara nne.

Ndiyo maana saa ya kutoka nje ina maana kuliko nguvu ya mota. Maelezo ya mashine yakisema inakata kina cha sentimita 15, wewe panga kutoka theluji ikiwa sentimita 7 hadi 10. Dhoruba ikiahidi sentimita 25, toka mara mbili au tatu wakati inaendelea. Wanaosubiri imalizike yote kwanza hujikuta wakilinyanyua beleshi hewani kukata tabaka la juu, na hapo ndipo mikono na kiuno huchoka haraka.

Angalia pia joto la hewa. Theluji ikianguka nyuzi 8 chini ya sifuri, huna haraka kubwa, itabaki kavu. Ikianguka karibu na sifuri na utabiri ukisema usiku utapoa, ondoa kabla ya jua kuzama, kwa sababu asubuhi itakuwa barafu, na barafu si kazi ya mashine hii.

Waya au betri

Beleshi la waya ni jepesi zaidi, halichoki, na bei yake huwa chini. Tatizo lake ni waya wenyewe. Mota zake huwa na nguvu ya wati 1,000 hadi 1,600. Kwenye nchi za umeme wa volti 120, kama Marekani na Kanada, wati 1,200 ni ampea 10. Kwenye volti 230 ni zaidi kidogo ya ampea 5. Ekstensheni ya mita 30 yenye nyuzi za shaba za milimita 1.5 za mraba itapoteza volti 7 hivi kwenye mfumo wa volti 120, karibu asilimia 6. Mota inapokosa volti huzunguka polepole, huvuta umeme zaidi inapokwama, na hupata moto. Kwa mfumo huo tumia waya wa milimita 2.5 za mraba kwa urefu wa mita 30, na usiunge ekstensheni mbili. Kwa volti 230, milimita 1.5 inatosha kwa umbali huohuo.

Waya uwe wa kutumika nje na wenye ganda la mpira. Ganda la plastiki ya kawaida hukakamaa kwenye baridi kali, likabaki limejikunja, kisha likapasuka. Kama ekstensheni imefungwa kwenye gurudumu, ikunjue yote hata kama unahitaji mita 5 tu. Waya uliobaki umejizungusha hujipasha moto na unaweza kuyeyuka. Plagi iingie kwenye soketi yenye kinga inayokata umeme mara unapovuja. Bonyeza kitufe chake cha majaribio kabla ya kuanza. Theluji, maji, waya na viatu vilivyoloa ni mchanganyiko usiosamehe, kwa hiyo soketi isiyo na kinga hiyo usiitumie.

Mashine nyingi zina ndoano ndogo nyuma ya mshikio. Kunja waya uwe kitanzi, upitishe kwenye ndoano, ndipo uunganishe plagi. Bila hivyo plagi itachomoka kila unapogeuka. Ukiwa kazini, anza karibu na soketi ukielekea mbali, waya ukae nyuma yako kwenye sehemu uliyokwisha kusafisha, na uutupie begani upande usio wa kichwa cha beleshi.

Beleshi la betri linakupa uhuru wa kutembea, ila una dakika za kuhesabu. Betri iliyoandikwa volti 40 na ampea-saa 4 kwa kawaida hufanya kazi kwenye volti 36, kwa hiyo ina wati-saa 144. Mota ikivuta wati 400 kwa wastani, umepata dakika 21 hivi. Ikivuta wati 600 kwenye theluji nzito, ni dakika 14. Baridi hupunguza tena. Kwa hiyo hesabu eneo lako. Kwa njia ya gari ya mita 10 kwa 3, kila mkupuo ukikata sentimita 30 na kupandana sentimita 5 na uliotangulia, utahitaji mikupuo 12 ya mita 10, yaani mita 120 za kutembea. Kwa mwendo wa mita 20 kwa dakika ni dakika 6 za kusukuma tu. Ongeza kugeuka, kusahihisha pembe na sehemu zilizorudiwa, unafika 12 hadi 15. Eneo likizidi hapo mara mbili, nunua betri ya pili au chagua la waya.

Betri ikae ndani kwenye joto mpaka dakika ya kutoka. Mashine yenyewe ifanyiwe kinyume: itoe nje au banda lisilo na joto nusu saa kabla ya kazi. Plastiki yenye uvuguvugu huyeyusha theluji ya kwanza inayoigusa, maji yakaganda tena kwenye kuta za kichwa, na baada ya mita chache tu rota inazunguka ndani ya pango la barafu. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na watu huishia kulilaumu beleshi.

Kabla theluji haijaanguka

Pita kwenye eneo mchana, ardhi ikiwa wazi. Toa mawe, vipande vya kuni, mpira wa kumwagilia, mnyororo wa mbwa, vitu vya kuchezea watoto, zulia la mlangoni. Panga la rota likikutana na zulia huvuta zulia lote ndani na mkanda kuungua ndani ya sekunde. Kingo za njia zitie vigingi vyenye urefu wa mita moja na kitambaa cha rangi kali, kwa sababu chini ya theluji huwezi kujua zege linaishia wapi na udongo wa bustani unaanzia wapi. Weka alama pia kwenye mifuniko ya maji, vizingiti na matofali yaliyoinuka.

Kisha amua mapema theluji itatupwa wapi. Sehemu isiwe barabarani, isiwe kwa jirani, na isiwe juu ya vichaka vyenye matawi mepesi. Muhimu kuliko yote, isiwe kwenye ukuta wenye bomba la kutolea moshi wa boila au tanuru ya kupasha nyumba joto. Bomba hilo likizibwa, gesi ya kaboni monoksidi, yenye sumu na isiyo na rangi wala harufu, inaweza kurudi ndani ya nyumba na kuua watu waliolala. Kila baada ya dhoruba lisafishe bomba hilo kwa mkono, mita moja kila upande, na usilirushie theluji hata kidogo. Mita ya gesi nayo usiifukie.

Pulizia silikoni ndani ya kichwa na kwenye mapanga, acha ikauke. Mafuta ya kupikia yaliyopakwa kwa kitambaa nayo husaidia kwa siku moja. Yote mawili huzuia theluji iliyoloa isinate, lakini yasiguse mkanda. Mkanda wenye mafuta huteleza.

Kuliweka sawa mwilini

Simama wima, kichwa cha beleshi kikiwa kimekaa chini bapa, mkono mmoja kwenye mshikio wa juu. Sogeza mshikio wa pili mpaka mkono wako mwingine uushike huku kiwiko kimekunjwa kidogo na mgongo haujainama. Kwa mtu mrefu mshikio huo hupanda juu zaidi kwenye mpini. Ukiona unainama kuufikia, bado haujakaa mahali pake. Kaza skrubu yake vizuri. Ikilegea katikati ya kazi, kichwa huzunguka upande na kutupa theluji usikotaka.

Vaa buti zenye soli ya meno, au zifungie vyuma vya kuzuia kuteleza. Vaa miwani ya kinga, kwa sababu upepo hurudisha theluji na vijiwe usoni. Skafu ndefu, kamba za kofia na nywele zilizoachiwa zikae ndani ya koti. Glavu ziwe za kuruhusu kidole kuhisi triga, yaani sehemu ya swichi inayovutwa kwa vidole. Glavu nene mno hufanya mtu aendelee kubonyeza wakati anadhani ameachia.

Swichi nyingi hutaka vitendo viwili: kidole gumba kibonyeze kitufe cha kufungulia, kisha vidole vivute triga. Washa kichwa kikiwa chini, mbele ya theluji na si ndani yake. Acha rota ichanganye kasi sekunde moja au mbili, ndipo usukume. Ukianzia ndani ya tuta, mota huanza ikiwa tayari imebanwa. Na usifunge triga kwa utepe ili upumzishe kidole. Swichi ile imewekwa ili mashine izime ukianguka.

Kusukuma na kurusha

Sukuma kama mtu anayesukuma ufagio wa kukaushia maji sakafuni, kwa hatua fupi, uzito wa mashine ukibebwa na ardhi. Nguvu itoke miguuni. Sikiliza mota: sauti ikishuka, punguza mwendo au vuta nyuma nusu hatua, iache ipate kasi, kisha rudi. Anayeng'ang'ana kusukuma wakati sauti inazama hafiki haraka zaidi. Theluji hujaa kichwani na kurushwa miguuni pake.

Sasa lile tatizo la kurusha mbele. Kwenye njia ya miguu yenye upana wa mita moja, ukisukuma sawa na njia, kila kinachorushwa kinaangukia sehemu ambayo hujafika. Mita 5 za mwanzo zinakuwa rahisi, za mwisho unasukuma theluji ya njia nzima. Dawa ni pembe. Tembea sawa na njia lakini geuza kichwa cha beleshi nyuzi 30 hivi kuelekea ukingoni. Unapoteza upana kidogo tu, kutoka sentimita 30 hadi 26, na theluji inaruka nje ya njia. Kwenda mkupuo mmoja ukitupa kulia, kurudi mwingine ukitupa upande uleule wa dunia, si upande uleule wa mkono wako. Ukichanganya hilo utarudisha theluji ulikoitoa.

Njia ya gari ni pana zaidi, na pembe peke yake haitoshi, kwa sababu kinachotoka katikati hakifiki nje, hasa kikiwa kimeloa. Kwa theluji kavu isiyozidi sentimita 5, pasua mstari wa katikati kutoka juu hadi chini, kisha fanya mikupuo sambamba ukielekea ukingo mmoja, kichwa kikiwa kimegeuzwa nje kila wakati. Maliza nusu hiyo, rudi katikati, fanya nusu ya pili. Theluji itakayoangukia mbele ni nyepesi na itapigwa tena na mkupuo unaofuata bila shida.

Kwa theluji nzito achana na mikupuo mirefu. Simama kwenye mstari wa katikati, tazama ukingo wa kushoto, sukuma mita moja na nusu mpaka nje, rudi, sogea sentimita 25, sukuma tena. Ukimaliza upande mmoja fanya wa pili. Ni mikupuo mingi, kugeuka hakuna raha, lakini kila gramu ya theluji inahamishwa mara moja tu. Kwa njia ya mita 3 umbali wa kurusha mita 2 unakutosha kabisa.

Upepo ukivuma kwa ubavu, sahau habari ya nusu mbili: anzia ukingo ule upepo unakotoka, tupa yote kuelekea unakokwenda. Ukivuma usoni, badilisha mwelekeo hata kama mpangilio wako utaharibika, maana theluji ikikurudia huoni unaporusha.

Tahadhari ya urushaji: watoto, wanyama na watu wengine wakae mbali, si chini ya mita 6 hadi 10, na kamwe kichwa kisielekee dirishani au kwenye gari. Kijiwe kimoja kilichofichwa kwenye theluji kinatoka na kasi ya kutosha kukwaruza rangi au kupasua kioo.

Kina kikizidi uwezo wa mashine, kata kwa tabaka. Inua kichwa, chukua sentimita 10 za juu kwa urefu wa hatua moja tu, kishushe, chukua za chini. Usimalize njia nzima tabaka la juu ukiwa umelinyanyua. Kilo 6 mwisho wa mikono iliyonyooshwa huonekana chache kwa dakika moja ya kwanza tu.

Tegemea pia kwamba litaacha utando mwembamba chini. Mapanga mengi hayagusi ardhi, na ukingo wa chini wa kichwa umekusudiwa kuteleza. Utando huo ufagie kwa ufagio mgumu au unyunyizie chumvi. Gramu 350 hivi za chumvi zinatosha mita 40 hadi 50 za mraba. Kumimina ndoo nzima hakuyeyushi haraka zaidi, kunaua tu nyasi na kula zege. Chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri chumvi ya kawaida huwa haifanyi kazi ya maana. Hapo tumia kalisi kloridi au mchanga wa kuzuia kuteleza. Zege lililomwagwa mwaka huohuo lisiguswe na chumvi ya aina yoyote, litie mchanga.

Sehemu zenye mitego

Ngazi: anzia juu. Safisha sehemu ya mlangoni kwanza, kisha shuka ngazi moja moja, ukisimama kwenye ile uliyokwisha kuisafisha na kurusha kwa ubavu. Ukianzia chini, theluji inarushwa juu na kukurudia. Lakini ngazi yenyewe iwe pana, ya kichwa chote kukaa bapa. Ngazi nyembamba au zenye barafu ni kazi ya beleshi la mkono, na mkono mwingine ukishika ukingo.

Sakafu ya mbao ya nje: sukuma kwa urefu wa mbao, si kwa kuzikata, la sivyo ukingo wa chini utakwama kila penye mbao iliyopinda na utang'oa misumari iliyochomoza. Kuhusu paa, hapana. Mashine hii haikutengenezwa kupandishwa paani, na wala wewe.

Njia ya kokoto ni habari nyingine. Kichwa kikigusa chini, rota inakuwa mashine ya kurusha mawe. Njia salama ni kuacha tabaka la sentimita 3 hivi chini, likishindiliwa na miguu au magurudumu ligande liwe sakafu. Theluji za baadaye utazikwangua juu yake. Kama huwezi kushikilia kichwa kwenye kimo kimoja, na wengi hawawezi, tumia beleshi la mkono.

Halafu kuna lile tuta linaloachwa kwenye mdomo wa njia yako na gari la kusafisha barabara. Hilo si theluji ya kawaida: ni mabonge ya barafu, chumvi, mchanga na uchafu, vyote vimeshindiliwa. Ukiliingiza beleshi la umeme moja kwa moja, panga litavunjika au mkanda utaungua. Livunje kwanza kwa beleshi la chuma, toa mabonge makubwa kuliko ngumi kwa mkono, kisha mashine imalizie ulaini uliobaki. Lifanye mapema, baada ya usiku mmoja linakuwa ukuta. Na kwa kuwa uko ukingoni mwa barabara, simama ukiyatazama magari yanayokuja.

Mashine ikigoma

Kanuni moja haina mjadala. Kabla ya kugusa chochote ndani ya kichwa, achia triga, ngoja rota isimame kabisa, kisha chomoa plagi au toa betri. Theluji iliyonata itolewe kwa kijiti, si kwa vidole, hata kama umeme umetoka. Mkanda uliovutika huweza kuisogeza rota ghafla kizuizi kinapoondoka.

Mota ikilia lakini rota isizunguke, ama rota imeganda, ama mkanda umekatika au unateleza. Jaribu kwanza kuisogeza rota kwa kijiti. Ikiwa imeshikwa na barafu, ingiza mashine ndani iyeyuke yenyewe. Maji ya moto hupasua plastiki na kuingia kwenye mota. Ikiwa inazunguka kirahisi mno bila uzito wowote, mkanda umekwisha. Harufu ya mpira unaoungua ni mkanda unaoteleza: acha hapohapo, ukiendelea dakika moja utanunua mwingine.

Ikizima ghafla katikati ya kazi, mara nyingi kinga ya joto au ya betri imejikata. Iache dakika kadhaa ipoe, kisha urudi na tabaka jembamba zaidi. Betri iliyokaa nje kwenye baridi kali huonyesha dalili hiyohiyo ingawa imejaa. Ipashe joto ndani na itarudi. La waya likizima, angalia plagi kwanza, kinga ya soketi, ndipo fyuzi au breka ya nyumba.

Ikirusha karibu wakati jana ilirusha mbali, tazama kuta za kichwa zilizojaa theluji iliyonata, kisha urefu na unene wa ekstensheni, kisha mapanga yaliyoliwa kingo. Mtetemo mpya maana yake panga limepasuka au kuna kijiwe kimejibana upande mmoja. Usiendelee kutumia mashine inayotetema.

Moyo na mgongo

Mashine inaondoa kunyanyua, haiondoi kazi. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, na mtu anayesukuma kwa nguvu huzuia pumzi bila kujua. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au aliyewahi kupata kiharusi amuulize daktari kwanza, na akikatazwa amwachie mwingine. Wengine wote watembee dakika 5 ndani kabla ya kutoka, wasile mlo mzito wala kuvuta sigara muda mfupi kabla, na wapumzike kila dakika 10 hadi 15. Badilisha mkono wa mbele kila dakika 5 ili kiuno kisijikunje upande mmoja. Toa pumzi unaposukuma. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi, shingoni au taya, pumzi ikikata au jasho la baridi likitoka, zima, ingia ndani, piga simu ya dharura. Usisubiri uone kama yatapita.

Ukimaliza

Iache rota izunguke tupu sekunde 10 hivi ili ijikung'ute, kisha zima na toa umeme. Fagia theluji yote kichwani kwa brashi, futa kwa kitambaa, simamisha mashine kichwa chini mahali penye hewa ili maji yatoke badala ya kushuka kwenye mota. Usiioshe kwa mpira wa maji. Chumvi iliyonata kwenye skrubu na mhimili ifute, vinginevyo kutu itakufanya ushindwe kubadilisha panga.

Betri iingie ndani, lakini isiwekwe kwenye chaja mara moja. Betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya sifuri hujenga lithiamu ya metali ndani yake; inapoteza uwezo daima na inaweza kuwa hatari. Iache saa moja au mbili ifikie joto la chumba, ikauke umande, ndipo uchaji.

Msimu ukiisha, kagua mapanga, ukingo wa chini na mkanda. Mkanda wenye nyufa au uliong'aa kama kioo ubadilishwe sasa, maana siku ya dhoruba ya kwanza maduka huwa yamemaliza vipuri. Andika namba ya kipuri cha mkanda kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko chake. Betri ihifadhiwe ikiwa na chaji ya nusu hivi, asilimia 40 hadi 60, mahali pakavu pasipo joto kali wala jua, nje ya mashine, na itazamwe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ikishuka chini ya robo, iongezee.